Kutoka Swali Hadi Faili: Mwongozo Kamili wa Kutumia Ushahidi wa Kitabibu Unapotibu Watoto

Mwaka 2009 utafiti mmoja ulianza Kilifi, Muheza na katika hospitali nne za Uganda, ukiuliza swali ambalo wengi waliona halina haja ya kuulizwa. Mtoto ameletwa ana homa kali, amelegea au anahema kwa shida, miguu ya baridi, mapigo dhaifu. Je, tumwingizie dripu nyingi kwa haraka, au tumpe maji kwa kiwango cha kawaida tu huku tukimtibu ugonjwa? Miongozo ya nchi tajiri ilishajibu: maji, upesi. Hospitali zetu nyingi hazikuwa na desturi hiyo, na waliobuni utafiti walitarajia kuonyesha kwamba tunapoteza watoto kwa kutofanya hivyo.

Utafiti huo, unaojulikana kwa jina la FEAST, ulisimamishwa Januari 2011 kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa. Kati ya watoto 3,141, waliofariki ndani ya saa 48 walikuwa 10.6% kwa waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu) kwa kasi, 10.5% kwa waliopewa maji ya chumvi kwa kasi, na 7.3% kwa wale ambao hawakupewa maji ya kasi kabisa. Piga hesabu mwenyewe: kila watoto 30 hivi waliofunguliwa dripu kwa kasi, alifariki mmoja ambaye pengine angebaki hai.

Kuna jambo jingine ndani ya utafiti huo ambalo kila anayeingia wodi ya watoto anapaswa kulijua. Saa moja baada ya matibabu kuanza, watoto wengi zaidi kati ya waliopewa maji ya kasi walionekana kupata nafuu: mzunguko wa damu ulirudi, dalili za shoku zikapungua. Daktari aliyesimama kando ya kitanda saa ile angeapa kwamba dawa imefanya kazi. Vifo vilikuja baadaye. Uzoefu wa miaka 20 wodini usingeweza kugundua hilo, kwa sababu tofauti ya watoto watatu katika kila 100 haionekani kwa macho ya mtu mmoja, hata awe bingwa.

Ndiyo maana tunahitaji utaratibu, na utaratibu wenyewe ndio huu. Unamfaa daktari wa rufaa, afisa tabibu wa kituo cha afya, muuguzi wa zamu ya usiku na mfamasia. Sehemu ngumu si ile ambayo semina nyingi huikazania. Kutafuta makala kwenye simu ni kazi ya nusu saa. Kazi yenyewe ni kuacha kitu ambacho wodi nzima imekizoea.

Hatua ya 1: Andika swali lenye mtoto ndani yake

Swali la aina ya "nimonia inatibiwaje?" halina jibu la kukusaidia leo. Swali zuri lina vitu vinne: mtoto wa aina gani, tiba ipi, ikilinganishwa na ipi, na unataka kuona matokeo gani.

Tuchukue mtoto mmoja tutakayetembea naye hadi mwisho. Ana miezi 14, kilo 11, anakohoa kwa siku tatu. Umehesabu pumzi kwa dakika nzima, umepata 52. Kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa. Ananyonya, hatapiki kila kitu, hajapata degedege, hajalegea. Oksijeni kidoleni inasoma 95. Kawaida ya wodi yenu ni kumlaza na kumchoma penisilini.

Swali lako liandikwe hivi: kwa mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye nimonia ya kifua kubonyea bila dalili za hatari (huyo ndiye mtoto), je, amoksilini ya kumeza (tiba), ikilinganishwa na sindano za penisilini wodini (mbadala), inaongeza hatari ya tiba kushindwa au kifo (matokeo)?

Liandike kwenye daftari, usiliache kichwani. Na kwenye matokeo andika kile kinachomgusa mama: kupona, kufa, kulazwa, kutapika dawa, gharama. Kipimo cha damu kilichobadilika kidogo si matokeo ya mtoto. FEAST imetuonyesha hata mapigo yaliyorudi vizuri baada ya saa moja yanaweza kudanganya.

Hatua ya 2: Tafuta kuanzia juu kwenda chini

Wengi wetu tukishika simu tunaandika swali kwenye Google na kusoma kinachotokea kwanza. Fuata mpangilio huu badala yake.

Anza na mwongozo wa taifa lako. Kenya kuna Basic Paediatric Protocols, kijitabu cha mfukoni kinachotolewa upya kila baada ya miaka kadhaa. Tanzania kuna Mwongozo wa Matibabu wa Taifa unaoambatana na orodha ya dawa muhimu, pamoja na chati za IMCI, yaani utaratibu wa pamoja wa kutibu magonjwa ya watoto. Angalia mwaka wa toleo kabla ya kusoma chochote. Vituo vingi vina chati ukutani iliyofifia kwa jua, na aliyeibandika alishahamishwa zamani.

Kisha nenda kwenye miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO), hasa kitabu chake cha mfukoni cha huduma za watoto hospitalini, toleo la 2013, pamoja na maboresho yaliyofuata. Tatu, mapitio ya tafiti ya Cochrane, ambayo hukusanya tafiti zote zilizojibu swali moja na kuzipima ubora wake. Muhtasari wake kwa lugha nyepesi ni bure kwa kila mtu. Mwisho kabisa ndipo utafute utafiti mmoja mmoja kwenye PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za kitabibu. Hapo utaandika kwa Kiingereza, mathalani: pneumonia AND child AND amoxicillin AND Kenya. Chuja zibaki mapitio na tafiti za bahati nasibu, yaani zile ambazo kura ndiyo huamua mtoto apate tiba ipi. Makala ikidai malipo, uliza mkutubi wa chuo au hospitali kuhusu Hinari, mpango wa WHO unaozipa taasisi za nchi za kipato cha chini ruhusa ya kusoma majarida mengi.

Siku hizi kuna programu za akili unde zinazojibu swali lolote kwa ufasaha. Zitumie kukupa maneno ya kutafutia, basi. Huweza kutaja makala ambazo hazipo, tena zikiwa na jina la jarida na mwaka. Kama hujaiona makala yenyewe, usiipeleke kwenye raundi.

Kwa mtoto wetu, upekuzi unaleta vitu vitatu vya maana. WHO ilibadilisha mwongozo wake mwaka 2014: nimonia ya kifua kubonyea bila dalili za hatari itibiwe kwa amoksilini ya kumeza, angalau miligramu 40 kwa kila kilo kwa dozi, mara mbili kwa siku, siku tano. Pili, utafiti wa Pakistani uliochapishwa 2008 kwa watoto zaidi ya 2,000: tiba ilishindwa kwa 7.5% ya waliotibiwa nyumbani kwa dawa ya kumeza, na 8.6% ya waliolazwa na kuchomwa sindano. Tatu, utafiti wa hospitali sita za Kenya, uliochapishwa 2015 ukiongozwa na Ambrose Agweyu, watoto zaidi ya 500: tiba ilishindwa kufikia saa 48 kwa 7.7% ya waliomeza amoksilini na 8.0% ya waliochomwa penisilini.

Hatua ya 3: Soma kama mtu anayetaka kuikataa

Huhitaji shahada ya takwimu. Ruka utangulizi, ruka hitimisho la waandishi, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu ukauliza yafuatayo.

Watoto waligawanywaje? Kama daktari ndiye aliyechagua nani apate dawa mpya, basi huenda wale wenye hali nafuu ndio waliopewa. Bahati nasibu huondoa upendeleo huo, mradi anayemwandikisha mtoto hawezi kujua mapema bahasha inayofuata ina nini.

Je, wote walihesabiwa mwishoni? Walioacha dawa na waliohama kijiji wabaki kwenye hesabu ya kundi walilopangiwa. Utafiti uliopoteza robo ya watoto wake haukuambii lolote kuhusu robo hiyo, na mara nyingi ndiyo waliozidiwa.

Nani alipima matokeo, na alijua mtoto yuko kundi gani? Kwa kifo haina uzito sana. Kwa kitu kama "amepata nafuu" ina uzito mkubwa, na hapa ndipo ninapousoma utafiti wa Kenya kwa jicho la pili: mmoja anameza, mwingine anachomwa, kila mtu wodini anaona. Waandishi walijaribu kuweka vigezo vya wazi vya tiba kushindwa, na hilo linasaidia, ila halifuti tatizo lote.

Halafu tazama upana wa mashaka. Kila matokeo huja na tarakimu mbili zinazoonyesha ukweli unaweza kuwa kati ya wapi na wapi. Tarakimu hizo zikianzia "inasaidia sana" hadi "inadhuru", utafiti haujajibu swali hata kama kichwa cha habari kinashangilia.

Ukimaliza, uliza nani alilipa. Jibu lisikufanye uitupe makala, likufanye uisome polepole zaidi. Kipeperushi cha rangi anachokuachia wakala wa kampuni ya dawa, chenye grafu inayopanda hadi dari, kipitishwe kwenye maswali yaleyale, hata kama kalamu aliyokupa inaandika vizuri.

Hatua ya 4: Geuza asilimia kuwa watoto

Asilimia hudanganya bila kusema uongo. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa 2010, ulilinganisha atesunate na kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo. Vifo vilikuwa 8.5% kwa atesunate na 10.9% kwa kwinini. Anayetaka kukushtua atasema vifo vilipungua kwa zaidi ya 22%. Anayetaka kubeza atasema tofauti ni 2.4 tu. Wote wawili wanasema kweli.

Wewe fanya hivi: chukua 100, gawanya kwa tofauti. 100 ÷ 2.4 ni takriban 42. Ukitibu watoto 42 kwa atesunate badala ya kwinini, unaokoa mmoja wa ziada. Wodi inayolaza watoto 420 wa malaria kali kwa mwaka inaokoa kumi. Kwenye kikao cha bajeti mganga mkuu ataielewa hesabu hiyo bila kufungua jarida lolote.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa madhara. Utafiti wa zinki uliofanyika Tanzania na India, ukachapishwa 2020, ulijaribu dozi tatu kwa watoto 4,500 wanaoharisha. Kuharisha kulichukua muda unaokaribiana, lakini waliotapika walikuwa 19.3% kwa miligramu 20 na 13.7% kwa miligramu 5. Kwa kila watoto 18 hivi wanaopewa dozi kubwa, mmoja wa ziada anatapika. Mama anayeona mtoto akitapika dawa siku ya pili haendelei hadi siku ya kumi. Kabla ya kubadili dozi yoyote, angalia toleo jipya la mwongozo wako linasema nini.

Hatua ya 5: Uliza kama mtoto wa utafiti ni mtoto wako

Hapa ndipo watu wazuri hukosea, na kisiwa cha Pemba ni mwalimu mzuri kuliko wote.

Tafiti za Nepali, Bangladeshi na Pakistani zilionyesha kwamba kupaka klorheksidini kwenye kitovu cha mtoto mchanga kunapunguza vifo. Ilionekana ni jambo la kuchukua na kusambaza kote. Lakini ulipofanyika utafiti mkubwa Pemba, na mwingine Zambia, yote ikichapishwa 2016, vifo havikupungua kwa kiwango cha kuthibitika. Mazingira ya kuzaliwa, idadi ya vifo vya kuanzia na vitu vinavyopakwa kitovuni si sawa kila mahali. Leo WHO inapendekeza kitovu kiachwe kikavu na safi, na klorheksidini itumike pale tu ambapo jamii ina mazoea ya kupaka vitu vyenye madhara.

Pemba hiyohiyo, mwaka 2006, ilichapishwa habari nzito zaidi. Watoto wadogo walipewa madini ya chuma na folik asidi kila siku, jambo lililokuwa limependekezwa kwa upungufu wa damu. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa kwa sababu waliopewa walilazwa au kufariki zaidi, katika eneo ambalo malaria ilikuwa nyingi. Kilichokuwa salama penye malaria kidogo hakikuwa salama hapo.

Kwa hiyo rudi kwenye makala ukasome orodha ya watoto waliokataliwa kuingia. FEAST haikuwaandikisha watoto wenye kuharisha na kupungukiwa maji, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mtu aliyesoma kichwa cha habari tu anaweza kumnyima dripu mtoto wa kuharisha aliyekauka macho, na hilo litamuua. Huyo bado ni wa Mpango C, mpango wa WHO wa dripu kwa aliyepungukiwa maji sana: mililita 100 kwa kilo, kwa kasi iliyopangwa kulingana na umri. Hata mwenye shoku kamili (mikono na miguu ya baridi, rangi ya kucha iliyobonyezwa inarudi baada ya zaidi ya sekunde 3, mapigo dhaifu na ya kasi, zote tatu kwa pamoja) bado hupewa maji kwa mwongozo wa WHO wa 2016: mililita 10 hadi 20 kwa kilo, kwa dakika 30 hadi 60, huku ukimpima tena na tena. Mwenye dalili moja au mbili tu ndiye asiyefunguliwa maji ya kasi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo uzito wote wa ushahidi.

Sasa mtoto wetu wa kilo 11. Watoto wa Pakistani si watoto wa Bungoma wala Tandahimba: malaria, upungufu wa damu na VVU vina uzito mwingine huku. Utafiti wa Kenya unatufaa zaidi, lakini watoto wake walikuwa wodini, chini ya macho ya muuguzi. Unatuambia kidonge kinatosha. Hautuambii kwamba nyumbani ni salama. Bahati nzuri kuna kipande cha tatu: uchambuzi wa takwimu za hospitali za Kenya, uliochapishwa 2018, uliwaangalia watoto ambao kwa mwongozo mpya wangehesabiwa kuwa si wa nimonia kali. Ulionyesha kwamba wanaofariki kati yao ni hasa wenye weupe (viganja vilivyopauka kwa upungufu wa damu) na wenye uzito mdogo kwa umri.

Basi kabla ya kuandika amoksilini ya kwenda nayo nyumbani, fungua viganja vya mtoto uvilinganishe na vyako na vya mama yake. Weka uzito kwenye chati. Uliza hali ya VVU ya mama na mtoto. Pima malaria. Uliza wanakaa wapi na usiku watapata usafiri gani. Akiwa na weupe, uzito uliodorora, au VVU, mlaze au mpe rufaa. Mtoto wetu viganja vyekundu, kilo 11 kwa miezi 14 hana neno, mama alipima hana maambukizi, wanakaa dakika 20 kwa bodaboda. Anaweza kwenda.

Hatua ya 6: Ongea na mama, na bibi pia

Ushahidi usiofika nyumbani kwa mtoto haujamtibu mtu. Mama amekuja akijua nimonia ni sindano. Mazungumzo huwa hivi:

"Daktari, sindano je? Hata moja tu aanzie."

"Mama Asha, dawa hii ya kumeza na ile sindano ni ndugu. Hospitali za Kenya walizishindanisha kwa watoto kama huyu wako, zikatoka sare. Tofauti ni kwamba hii haimchomi."

"Na bibi yake akiuliza?"

"Mwambie bibi aje naye keshokutwa, tutamwona wote."

Kisha onyesha, usieleze tu. Vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyuka: uzito wake unampa viwili asubuhi na viwili jioni, siku tano, jumla 20. Chukua kikombe na kijiko, weka maji masafi kidogo, yeyusha dozi ya kwanza mbele yake, ampe mtoto hapohapo. Akitapika papo hapo mpe tena. Mwambie arudi baada ya siku mbili hata kama mtoto anacheza, na arudi usiku huohuo akishindwa kunyonya, akilegea, akipata degedege, akitapika kila kitu au pumzi zikizidi.

Halafu geuza kibao: "Niambie wewe sasa, ukifika nyumbani utamtazama nini?" Akisema "homa" peke yake, rudia. Mama wengi hupima ugonjwa kwa joto la paji la uso, wakati hatari ya nimonia iko kifuani. Mfundishe kumvua mtoto nguo na kutazama mbavu akiwa ametulia.

Na sirapu ya kikohozi? Atakuomba, au ataipitia duka la dawa njiani. Kwa mtoto mdogo haina faida inayothibitika, na baadhi zina viambato vya kumdhuru. Mwaka 2022 watoto takriban 70 wa Gambia walifariki kwa kuumia figo, vifo vikihusishwa na sirapu zilizochafuliwa. Chai ya vuguvugu, au kunyonya zaidi kwa mtoto mchanga, inatosha.

Hatua ya 7: Chagua cha kuacha

Wodi nyingi zikipata mwongozo mpya huongeza jambo. Kuondoa huwa ni vita, kwa sababu kila desturi ina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ndiye aliyetufundisha kazi. Orodha yangu ya kuanzia: antibayotiki kwa kuharisha maji bila damu, dripu kwa mtoto anayeweza kunywa, sirapu za kikohozi, na antibayotiki kwa kila homa. Hilo la mwisho lina ushahidi wa nyumbani. Utafiti wa Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa 2014, ulichunguza watoto 1,005 wenye homa waliokuja kutibiwa bila kulazwa. Malaria ilikuwa kwa 10.5%, na virusi vilihusika kwa takriban 70%. Vilevile, vituo vya Mbeya na Morogoro vilipopewa programu ya kompyuta kibao ya kumwongoza mtabibu hatua kwa hatua, antibayotiki zilishuka hadi takriban 23% ya watoto, huku vituo vya kulinganisha vikiwa 70%, bila watoto kudhurika zaidi.

Usianze na zote nne. Chagua moja.

Kumkabili mkubwa kunahitaji adabu zetu. Usimkatize kwenye raundi mbele ya wanafunzi na wazazi. Mfuate baadaye: "Shikamoo daktari. Kuna makala ya Kilifi nimeisoma, naomba unisaidie kuielewa." Mkubwa aliyeombwa kufundisha huisoma makala. Aliyeumbuliwa hujitetea, na wodi inabaki ilivyo mwaka mzima.

Mambo mengine hayazuiwi na mtu bali na kitanda. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, uliochapishwa 2021, ulionyesha kwamba kumweka mtoto njiti kifuani kwa mama mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie, kunashusha vifo kutoka 15.7% hadi 12.0%. Hakuna muuguzi anayepinga hilo. Kinachokosekana ni nafasi ya mama ndani ya chumba cha watoto wachanga. Hapo ushahidi wako unaelekea kwa katibu wa hospitali na ramani ya jengo.

Hatua ya 8: Kagua mafaili

Semina pekee haibadilishi wodi. Hospitali nane za wilaya nchini Kenya zilifuatiliwa kwa miezi 18, matokeo yakachapishwa 2011. Nne zilipata mafunzo ya vitendo, fomu maalumu za kulazia mtoto, mrejesho wa mara kwa mara na mtu wa hapohapo wa kusukuma mambo. Nne zilipata kiasi kidogo cha hayo. Mwishoni, vipimo na maswali muhimu wakati wa kulaza viliandikwa kwa kiwango cha 94% dhidi ya 65%, na watoto waliopewa dozi pungufu ya antibayotiki ya gentamaisini walikuwa 2.2% dhidi ya 9.0%. Mrejesho, fomu na msukumaji: hivyo vitatu mnaweza kuvipata bila mfadhili.

Chukua mafaili 20 ya mwisho ya watoto wa nimonia. Kwenye karatasi moja piga safu sita: uzito umeandikwa, pumzi zimehesabiwa, oksijeni imepimwa, weupe umetajwa, dozi ni sahihi kwa kilo, na aliyelazwa alistahili kulazwa. Weka alama ya ndiyo au hapana. Kisichoandikwa kihesabiwe hapana, hata kama sista anaapa alikifanya. Usiandike jina la mtumishi popote. Bandika jumla kwenye chumba cha wauguzi, si ubao wa nje wanaposoma wagonjwa.

Jumla ikionyesha pumzi zimehesabiwa kwa mafaili 6 kati ya 20, usiite semina kwanza. Nenda kwenye chumba cha kupokelea watoto uone kama kuna saa yenye mshale wa sekunde na kama fomu ina nafasi ya kuandika namba hiyo. Tazama pia foleni ya asubuhi inamwachia nani dakika nzima ya kuhesabu. Dozi zikiwa na makosa, kagua mzani kabla ya kumlaumu mtu, kisha bandika jedwali la vidonge kwa kilo pale dawa zinapoandikwa. Rekebisha kitu kimoja. Baada ya miezi mitatu chukua mafaili mengine 20 kwa karatasi ileile. Chini yake andika tarehe ya ukaguzi unaofuata, cheo cha atakayeufanya, na mwaka wa toleo la mwongozo mliotumia, ili atakayekuja baada yenu ajue mapema kama chati ya ukutani imepitwa na wakati.